Habari Ziwafikie

Mwenzangu, wiki iliyopita nimebadilisha king'amuzi. Jambo dogo tu, wala si la kumwita mtu akae kusikiliza. Kile cha zamani kilishanichosha, mvua ikinyesha kidogo tu kinaandika hakuna mawimbi, nikaona nihamie kwa hawa wengine wanaosifiwa na mtaa mzima. Fundi akaja asubuhi na ngazi yake, mtu mzima, mpole, akapanda akafunga dishi jipya, akashuka akaketi sebuleni na rimoti. Akanionyesha mpira, akanionyesha tamthilia, akanionyesha watu wanaopika vyakula ambavyo hapa Lindi hata paka hali. Nikamwambia haya, sasa niletee redio. Akabonyeza weee, akabonyeza, halafu akanigeukia. "Dada, hiki upande wa redio ni dhaifu. Ziko tatu tu, na zote za muziki wa vijana."

Nikakaa chini. Fundi akadhani nimezisikitikia taarabu zangu, akaanza kunipa pole, eti siku hizi redio zote zimo kwenye simu. Maskini, hakujua kwamba amenipokonya silaha.

Ngoja nikueleze vizuri, usinione kichaa. Nyumba hii ninayokaa hapa Mtanda ni ya bibi yangu, yeye ndiye aliyenilea. Niliporudi kuishi humu, baada ya miaka mingi ya kuhangaika Kilwa Masoko, nilivuta waya kutoka kwenye king'amuzi kile cha zamani, kilichokuwa na redio za kumwaga, nikaweka spika nyumba nzima. Moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani kwangu. Ya nne niliifunga barazani chini ya paa, nikaielekeza kwenye uchochoro unaotutenganisha na nyumba ya mama jirani. Watu wakanisifu mpaka sokoni. Mwanamke huyu ana utu, walisema, kamtilia yule mzee redio mpaka mlangoni kwake. Mama jirani sasa anakimbilia miaka themanini, anakaa peke yake, redio yake ilikufa siku nyingi. Kila ikifika saa saba mchana anatandika mkeka wake pale ukutani, anakaa, anatega sikio.

Utu! Thubutu yao. Ile spika ya barazani ilikuwa na kitufe chake cha sauti, peke yake, na kitufe hicho nilikifunga ndani, pembeni ya dirisha la sebule. Ile stesheni yetu ya zamani mpaka leo inasoma matangazo ya vifo mchana. Mtangazaji akianza, fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, mimi tayari nimesimama dirishani nimeshika kitufe. Anamtaja marehemu, mama jirani anasikia. Akivuta pumzi aseme "habari ziwafikie", nashusha. Polepole, asije akasema nimemzimia. Namwona anainua shingo, anasogea, anauvuta na mkeka wake. Nikikisia majina yamekwisha, napandisha tena. Nimefanya hivyo tangu msimu wa korosho uliopita, na sijachoka hata siku moja. Chakula cha mchana kilikuwa kinashuka vizuri baada ya hapo.

Unaniona mbaya, eeh? Subiri kwanza.

Nilipokuwa mtoto, upande wetu huu ulikuwa wa nyumba za udongo na makuti, na redio ilikuwa moja tu, ya mama jirani. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mtaa wa tatu. Mumewe alikuwa karani wa ghala la korosho, akaileta redio hiyo kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi lake, na boksi lenyewe lilitunzwa juu ya kabati kama cheti. Ilikuwa ya bendi tatu, ya betri nne kubwa. Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni. Kutoka kwenye antena yake aliunga waya wa shaba uliopita dirishani ukaenda kuning'inia kwenye mlonge, na sisi watoto tulikatazwa hata kuutazama ule waya sana.

Dirisha lake lilitazamana na dirisha la jiko letu, na katikati ni huo huo uchochoro, hatua nne za mtoto. Basi sisi tulikuwa wasikilizaji wa dirishani. Mchana, bibi akiwa anatwanga kisamvu au anakuna nazi, tunasikia ngoma ya taarifa ya habari. Habari zenyewe hazikumhusu. Waziri kafungua hiki, waziri kafunga kile, bibi anaendelea kukuna. Lakini ikifika zamu ya vifo, mchi unasimama kinuni. Bibi alikuwa akiinua kidole na kusema, "Nyamazeni, watu wanaitwa." Yeye alikuwa hasemi matangazo ya vifo. Alisema kuitwa. Na kweli, mwenzangu, ulikuwa mwito. Simu hatukuwa nayo, barua ilikaa njiani mwezi mzima, na ukiwa na ndugu yako mbali, redio ndiyo iliyokuja kukubishia hodi.

Wewe wa siku hizi huenda hujui yalivyosomwa. Kwanza anatajwa anayetangaza. Kisha marehemu, kwa jina lake kamili. Kisha mahali alipofia. Halafu ndiyo linakuja lile fungu la mwisho, habari ziwafikie fulani wa Nachingwea, fulani wa Rutamba, fulani wa Tandahimba, na hapo kila nyumba yenye redio inatega sikio kuona kama imo. Mwisho siku ya maziko. Haya, mtu akikukatia katikati, umebaki na nini? Umebaki na maiti usiyoijua.

Na kukata ndiyo ilikuwa kazi ya mama jirani. Akituona tumenyamaza, anakuja dirishani kwake, anaweka mkono kwenye kitufe, anasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Betri zangu zinaliwa na masikio ya watu!" Kisha anapunguza mpaka redio inabaki kunong'ona naye peke yake. Kila asubuhi alikuwa akizianika betri zile juani, juu ya ungo, pembeni ya makopa yake ya muhogo, zipate nguvu. Mimi nilimwamini, unajua? Nilidhani kweli sikio likisikia linakula betri. Kwa hiyo nilikuwa naziba sikio moja kwa kidole nisile nyingi. Mtoto wa miaka saba anasikiliza redio kwa sikio moja ili asimwibie mtu! Nikikumbuka hilo peke yake damu inanichemka.

Pamoja na hayo, ilikuwa miaka mizuri, siwezi kuisingizia. Msimu wa korosho ukija, moshi wa kubangulia ulikuwa unaingia kila chumba, mikono yetu inakuwa myeusi kwa utomvu na midomo inatuchubuka. Kulikuwa na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, bibi anaimenya ikiwa moto huku anapuliza vidole. Na kaka yake bibi, aliyekuwa akiishi Mitole huko Kilwa, alikuwa akishuka na lori mara moja kwa mwaka na gunia la mahindi na mbuzi mmoja anayelia njia nzima. Kwetu aliitwa Chande. Hilo ndilo jina aliloitwa na mama yake, ndilo alilochezea, ndilo bibi alilolitamka kila siku akimwombea dua. Kwamba kulikuwa na jina jingine la kwenye kadi ya kodi, la karatasi, nadhani hata bibi alikuwa ameshalisahau.

Mwaka niliofikisha miaka tisa, kuku wetu waliingia kwenye ungo wa mama jirani wakaparua makopa yake yote. Basi ilikuwa vita. Asubuhi hiyo walitupiana maneno ambayo sitayarudia hapa, bibi yangu akiwa mstari wa mbele, maana na yeye ulimi alikuwa nao. Akamtajia mpaka mama yake mzazi. Wakaishia kununiana, ikawa hakuna salamu, hakuna moto wa kuombana.

Mchana wa siku hiyo hiyo ngoma ikalia, habari zikasomwa, vifo vikaanza. Bibi alikuwa anamenya muhogo. Akasimamisha kisu. Mtangazaji akasema kijana mmoja wa Dar es Salaam, jina geni kwetu, anasikitika kutangaza kifo cha baba yake, akataja jina refu, la kwanza, la pili na la tatu, kilichotokea... Mama jirani akafika dirishani. Akatuona. Hakusema hata habari za betri siku hiyo. Akazungusha kitufe.

Bibi alisema, "Inna lillahi. Maskini, simjui." Akaendelea kumenya muhogo.

Wiki moja baadaye alikuja mtu kutoka Mitole, mfanyabiashara wa ufuta, amebeba kofia ya vito ya Chande iliyokunjwa ndani ya gazeti. Akasalimia, akakaa kwenye kigoda, hakunywa maji. Akamwambia bibi, "Mbona hukuja? Tulitangaza. Tulisema maziko ni kesho baada ya alasiri, tukikungoja wewe. Tumekaa na maiti mpaka jua linainama." Bibi akamuuliza walisoma jina gani. Yule mtu akalitaja lile jina refu, la kwanza, la pili na la tatu. Bibi akaweka mikono juu ya kichwa. "Nilimsikia," akasema. "Nilimsikia, nikasema simjui."

Hilo neno alilirudia siku ile yote. Alilirudia akitawadha, alilirudia akiwa amejilaza kitandani uso ukutani. Lori la alfajiri lilikuwepo kila siku, angelipanda, angemwahi. Wanawake wa mtaa walipokuja kutoa pole, mmoja wao akamwita mama jirani hapo hapo uchochoroni akamuuliza, wewe una redio, hukusikia wakiitwa hawa? Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikamsikia kwa masikio yangu mawili akijibu, "Nilisikia. Nilidhani na wao wamesikia. Si wanasikilizaga kila siku?"

Ebo! Nikaapa. Nilikuwa na miaka tisa, sijui hata kuchana nywele zangu, lakini niliapa kwamba mwanamke huyu atanilipa, na atakiri kwa mdomo wake kwamba alimkosesha bibi yangu kumzika kaka yake. Hilo tu ndilo nililolitaka maishani. Wenzangu walitaka kuwa manesi.

Nilianza na nilichokiweza. Niliiba betri moja kwenye ungo nikaitumbukiza chooni, redio ikakaa kimya siku kumi. Niliukata ule waya wa shaba. Mwezi wa Ramadhani bibi akapatana naye; walikaa wawili jikoni mchana mzima, mlango umerudishwa, wakatoka macho mekundu, na tangu siku hiyo kila magharibi nikawa natumwa kumpelekea mama jirani bakuli la uji wa futari. Nilikuwa namwaga nusu njiani. Bibi alipojua habari za betri alinichapa, halafu akanikalisha akanitazama sana, akasema, "Mwache. Nimekwambia mwache huyo mama." Niliona ni udhaifu. Nilisema moyoni, kama wewe umesamehe, mimi sijasamehe, na kisasi chako nitakushikia mimi. Bibi alifariki nikiwa Kilwa Masoko, nikaja nikamzika. Mama jirani alilia kuliko sisi sote, na mimi nilimtazama nikasema lia tu, zamu yako haijafika.

Ndiyo nakwambia, ile spika ya barazani sikuifunga kwa bahati mbaya. Nilimwambia fundi wa wakati ule apime mpaka sauti ifike kwenye mkeka.

Sasa king'amuzi kipya kikaniharibia. Siku ya kwanza mama jirani alitandika mkeka saa saba, akakaa, akangoja, akakunja mkeka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, asubuhi, nikiwa nachambua mchele barazani, nikasikia fimbo inagonga saruji. Tangu nimerudi humu hakuwahi kuvuka uchochoro ule. Moyo wangu, mwenzangu, ulipiga kwa raha. Nikasema leo kaja.

"Hodi humu."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Redio yenu imekufa?"

"Haijafa. Nimebadilisha king'amuzi. Hiki kipya ile stesheni hakina."

"Hakina kabisa?"

"Hakina kabisa," nikamwambia, kisha nikaongeza lile nililokuwa nalinoa miaka yote, "Si ununue betri, mama jirani?"

Alicheka. Wallahi alicheka, na meno yake mawili, akajishusha kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Hilo umelingoja sana," akasema. "Unadhani sikujua unakata? Ulikuwa unakata palepale nilipokuwa nakata mimi. Mkono wako mzito tu, unachelewa. Mara mbili nimesikia mpaka 'wa Nachingwea'. Nikasema mwache ajifurahishe. Ya mchana ni haki yake."

"Ya mchana?" Nilisimama, mchele ukamwagika. "Unakuja kunichekea nyumbani kwake? Umemkosesha bibi yangu kumzika kaka yake! Kafa na hilo neno mdomoni, nilimsikia nikasema simjui! Na wewe ulisikia jina lake likiitwa, Mtanda, Lindi, ukanyamaza! Kiri. Kiri leo nikusikie."

"Nakiri," akasema. Hivyo tu, kama mtu anayekubali chai. "Mchana nilikata. Nilikuwa nimekasirika, nikakata, halafu nikaweka sikio pale kwenye redio nikasikia anaitwa yeye. Nikaingiwa na baridi. Sasa nitakuja kwenu na mguu gani, asubuhi yake kanitukania mama yangu mbele ya watu? Nikangoja jioni. Yale matangazo yalikuwa yanarudiwa jioni, saa kumi na mbili. Nikatoa redio dirishani nikaipandisha juu ya ukuta wa uchochoro, nikaielekeza jikoni kwenu, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mpaka kitambaa kinatetemeka. Betri zote nikaziacha ziishe. Nikasema siwezi kumsemesha, basi redio imsemeshe." Akanitazama. "Nani alifunga dirisha?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni mwongo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Na hapo, sijui limetoka wapi, maana miaka yote sikuwa nalo, nikasikia harufu ya samaki anayekaangwa. Bibi ameinama kwenye karai, amenipa mgongo. Nje redio inapiga kelele ambazo hatujawahi kuzisikia, sauti imepasuka, mtangazaji anaunguruma. Bibi anauliza bila kugeuka, "Huyu leo ana nini?" Na mimi nimeshapanda juu ya kinu, nimeshika ubao wa dirisha kwa mikono miwili.

"Anaringa," nikamwambia bibi. Nikaufunga ule ubao kwa nguvu zangu zote, nikaweka na komeo, nikashuka nikachukua sufuria nikaipigapiga kwa mwiko ili mama jirani asikie kwamba hatumsikii.

Mama jirani alikuwa bado ananitazama. "Tulipopatana ile Ramadhani nilimweleza bibi yako. Halafu akaniapisha. Akasema, mtoto asijue. Mwache akuchukie wewe, akasema, wewe mtu mzima utaweza. Haya, nimeweza. Betri yangu umeitupa chooni, waya wangu umekata, uji nimekunywa nusu bakuli mwezi mzima. Nimenyamaza."

Nilianza kuokota mchele punje moja moja. Ulikuwa bado upo moto wote tumboni, na sina pa kuupeleka. Nilimchukia kwa kuniambia. Nilimchukia bibi kwa kujua. Nikatazama kule jikoni, na jiko lenyewe halipo, tulilibomoa tulipojenga hili la matofali. Ule ubao ulishakuwa kuni, ule mlonge ulikatwa kupisha nguzo ya umeme, na dirisha langu la sasa ni la vioo na nondo, halitazamani na mtu yeyote. Vifo vyetu siku hizi vinakuja kwenye kundi la simu, picha ya mshumaa na vikaragosi vya kulia, unasoma huku unachemsha maharage. Sijui nani leo, akiwa amemnunia jirani yake mpaka hawapeani salamu, angemaliza betri zake zote kumwambia kwamba ameitwa.

"Na kwa nini umeniambia leo?" nikamuuliza. "Si ungenyamaza tu mpaka mwisho."

"Ningenyamaza," akasema. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Ila nina shida, na shida yenyewe iko kwako. Mwanangu yule wa kiume alivuka kwenda Msumbiji kwenye machimbo. Simu yake haipatikani, huu mwaka wa pili. Mimi simu yangu iliibiwa na namba ikapotea, hana pa kunipigia. Lakini anajua mama yake anasikiliza vifo. Aliwaambia wenzake wa Dar, likitokea la kutokea, semeni redioni, mama atasikia. Mchana nilikuwa nasikia wanaokufa. Majina ya kule kwenye migodi siku hizi wanajipa wenyewe, siwezi kuyajua. Ninayemjua ni mimi. Nilikuwa nangoja kusikia kama naitwa."

Nikaacha kuokota mchele.

"Sasa niambie, mjukuu wangu, wala sikulaumu. Zile siku ulizokuwa unakata, wewe humu ndani ulikuwa unasikia mpaka mwisho. Nilitajwa?"

Spika za ndani zilikuwa wazi zote tatu kila mchana, sebuleni, jikoni na chumbani, na kila jina lilisomwa humu ndani mwangu, safi, hadi la mwisho. Nilitafuta kichwani. Nilitafuta Mtanda, nilitafuta Lindi, nilitafuta hata jina moja la kumpa, la mtu yeyote. Sikuwa na hata moja. Majina yalipokuwa yanasomwa, mimi nilikuwa dirishani, namtazama yeye anavyoinua shingo.